Protini za uyoga dhidi ya bakteria: kutoka sahani ya maabara hadi sufuria ya jikoni

Kilo moja ya uyoga mbichi wa mamama (oyster) ina maji yapata gramu 900. Ukiukausha unabaki na gramu 100 hivi, na ndani ya hizo protini ni kama gramu 20, huzidi au hupungua kutegemea uyoga wenyewe na ulioteshwa kwenye nini. Katika hizo gramu 20, protini zenye uwezo wa kuzuia bakteria huhesabiwa kwa miligramu. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayosahaulika kila inaposemwa kwamba uyoga ni antibayotiki ya asili, iwe kwenye beseni la uyoga wa porini Masasi wakati wa mvua, iwe kwenye pakiti ya unga wa uyoga mjini Lindi.

Dai lenyewe si uongo. Zipo protini zilizotolewa kwenye uyoga unaoliwa, zikasafishwa, zikapimwa, na zikaua bakteria. Shida ni kwamba kila dai linapopita mdomo mmoja kwenda mwingine linadondosha sharti moja: "zikasafishwa" inapotea kwanza, kisha "baadhi ya bakteria", kisha "kwenye sahani". Linalofika kwa mlaji ni mchuzi unaotibu U.T.I.

Tuanze na sababu ya uyoga kuwa na protini hizi. Uyoga hauna mdomo wala tumbo. Sehemu inayokula ni nyuzi nyeupe zinazotambaa ndani ya mabua au gogo, ambazo wataalamu huziita maiselia. Nyuzi hizo humwaga vimeng'enya nje, vimeng'enya huvunja mabua kuwa sukari, na sukari hiyo hufyonzwa. Ila kabla haijafyonzwa iko nje, hadharani, na bakteria waliopo jirani wanaitaka pia. Bakteria akipata chakula na joto la Mtwara anaweza kugawanyika kila nusu saa au chini ya hapo. Nyuzi za uyoga hazina mwendo huo. Kwa hiyo uyoga hulinda chakula chake kwa kemikali, na baadhi ya kemikali hizo ni protini. Ziko za namna nyingi: peptidi (vipande vifupi vya protini) zinazoitwa defensini, lektini zinazoshika sukari zilizoko juu ya seli, ribonyuklezi zinazokatakata RNA, na protini zinazotoboa utando wa seli. Hizi za mwisho tutazirudia, maana zina ubaya wake.

Mfano uliochunguzwa vizuri kuliko mingi ni kopsini. Watafiti wa chuo kikuu cha ETH mjini Zürich waliitangaza mwaka 2014 baada ya kuitoa kwenye Coprinopsis cinerea, uyoga mdogo wa kijivu ambao Tanzania si mgeni. Huota wenyewe kwenye marundo ya mabaki ya mkonge, na mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliouotesha kwa makusudi kwenye mabaki hayo baada ya kuyaozesha. Kusini mabaki hayo yanafahamika, kwa kuwa mashamba ya mkonge kama Kikwetu, karibu na Lindi mjini, ni ya siku nyingi. Uyoga wenyewe ni mtamu lakini hausubiri: usipochumwa ukiwa bado umefumba, ndani ya saa chache kofia inajiyeyusha na kuwa wino mweusi. (Upo ndugu yake, Coprinopsis atramentaria, ambaye ukimla kisha ukanywa pombe, hata siku mbili baadaye, uso unawaka, moyo unaenda mbio na unatapika. Kwenye msimu wa uraka, pombe ya mabibo, hilo si la kupuuza.)

Kopsini ni peptidi ya asidi amino 57, zilizofungwa pamoja kwa madaraja sita ya salfa. Madaraja hayo ndiyo yanayoipa ugumu: inavumilia kuchemshwa, inavumilia asidi, na vimeng'enya vinavyokata protini vinapata shida kuikata. Ilishinda Listeria monocytogenes, bakteria wa kwenye vyakula vilivyohifadhiwa vibaya, na pia Enterococcus sugu kwa antibayotiki ya vankomaisini. Sababu inajulikana. Bakteria hujenga ukuta wake kwa vipande vinavyobebwa kutoka ndani kwenda nje na molekuli iitwayo lipidi II. Kopsini huikamata lipidi II na ujenzi unasimama. Vankomaisini nayo huishika molekuli hiyo hiyo ila mahali pengine, pale ambapo bakteria sugu wameshapabadilisha.

Sasa angalia jambo ambalo mauzo ya unga wa uyoga hayalitaji. Kopsini haikutolewa kwenye kofia unayoikaanga. Ilipatikana kwenye majimaji yanayozunguka maiselia, kwenye uyoga uliooteshwa maabara. Na kiasi kilichotosha kwa majaribio zaidi hakikutolewa kwenye uyoga kabisa: jeni yake iliingizwa kwenye hamira ya aina ya Pichia pastoris, hamira ikaizalisha kwa wingi.

Bakteria gani?

Mwaka 1884 mganga wa Denmark, Hans Christian Gram, alibuni rangi inayowagawa bakteria makundi mawili, na mgawanyo huo unaeleza karibu kila matokeo ya protini za uyoga. Wa Gram chanya wana ukuta mnene ulio wazi kwa nje. Wa Gram hasi wana ukuta mwembamba uliofunikwa na utando mwingine wa mafuta na sukari. Mtu wa Newala ataelewa hivi: Gram chanya ni korosho iliyokwisha kubanguliwa, Gram hasi bado iko ndani ya ganda na mafuta yake. Peptidi inayotafuta lipidi II inaifikia ya kwanza kirahisi. Ya pili inagonga ganda na kuishia hapo.

Hivyo matokeo mazuri mengi ni dhidi ya Staphylococcus aureus anayeleta majipu, Listeria, Bacillus na Enterococcus. Escherichia coli, ambaye ndiye msababishi mkuu wa U.T.I., na Salmonella wa homa ya matumbo, wote ni Gram hasi. Zipo ripoti za protini za uyoga kuwazuia nao, lakini mara nyingi kwa kiwango kikubwa cha protini au kwa kimiminika ambacho bado hakijasafishwa. Kwa hiyo anayeuza uyoga kama dawa ya U.T.I. amechagua mfano ulio dhaifu kupita yote.

Jinsi protini inavyotolewa na mahali kazi inapoharibika

Uyoga mbichi hukatwakatwa na kusagwa kwenye maji baridi yenye bafa (chumvi zinazoizuia pH, kipimo cha uchachu, isiyumbe), kwa kawaida gramu 100 kwa mililita 200 hadi 300, pH ikiwa kati ya 7 na 8. Kila kitu hukaa nyuzijoto 4, na si kwa urembo: ukisaga uyoga unaziachia pia proteasi zake, vimeng'enya vya kukata protini, ambazo kwenye joto la kawaida la chumba cha Lindi zitakula protini unayoitafuta. Vilevile uyoga uliosagwa hugeuka kahawia haraka kwa sababu ya kimeng'enya cha tairosinezi. Rangi hiyo ni kwinoni, na kwinoni zenyewe zinaua bakteria. Asiyeweka vitamini C kidogo au kitu kingine cha kuzuia rangi hiyo anaweza kushangilia doa la kahawia akidhani ni protini.

Baada ya kuchuja na kuzungusha kwenye sentrifuji, protini hugandishwa kwa salfeti ya amonia. Ni chumvi ile ile iliyomo kwenye mbolea ya SA, ila ya dukani ina uchafu wa kutosha kuharibu jaribio. Kufika asilimia 80 ya ukolezi kwenye nyuzi 0 kunahitaji gramu 516 kwa lita, na chumvi huongezwa kidogo kidogo huku ikikorogwa polepole. Ukiimwaga yote mara moja protini hujikunja vibaya kwenye sehemu iliyokolea kupita kiasi, na ukikoroga kwa nguvu povu linaziharibu.

Kisha chumvi huondolewa kwa dayalisisi: kimiminika hutiwa kwenye mfuko wa utando wenye vitundu, mfuko ukalowekwa kwenye bafa inayobadilishwa mara kadhaa. Hapa ndipo hasara kubwa hutokea bila mtu kujua. Utando unaopatikana kwa urahisi hubakiza molekuli kuanzia kilodaltoni 12 hadi 14 kwenda juu (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Kopsini ina kama kilodaltoni 6. Plektasini, defensini nyingine ya fangasi iliyotangazwa mwaka 2005, ina asidi amino 40, yaani kama kilodaltoni 4 na nusu. Zote zinapita kwenye vitundu na kumwagwa pamoja na chumvi, na ripoti itasema uyoga huu hauna kitu. Anayetafuta peptidi fupi atumie utando wa kilodaltoni 1 au 2.

Baada ya hapo kuna kromatografia za kutenganisha protini kwa chaji na kwa ukubwa, mpaka ibaki moja. Ni kazi ya wiki, na kila hatua hupunguza kiasi.

Doa kwenye sahani

Kipimo cha kwanza ni cha kuchimba vishimo kwenye agari ya Mueller-Hinton, jeli ya kuoteshea bakteria, yenye kina cha milimita 4. Bakteria husawazishwa kwa kipimo cha McFarland 0.5, yaani kama milioni 150 kwa mililita, hupakwa kabla dakika 15 hazijapita, vishimo vya milimita 6 hujazwa kimiminika cha uyoga, na sahani hukaa nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Bakteria wakishindwa kuota kuzunguka kishimo unaona duara safi. Picha hiyo ndiyo inayosambazwa.

Duara hilo halisemi mengi kama linavyodhaniwa. Protini kubwa husafiri taratibu ndani ya agari, na zenye chaji chanya hunaswa na agari yenyewe, hivyo protini kali inaweza kutoa duara dogo kuliko molekuli ndogo iliyo dhaifu. Kulinganisha milimita 18 za uyoga na milimita 22 za antibayotiki ya jentamaisini, kisha kusema uyoga umekaribia dawa, ni kosa: kwenye kishimo cha uyoga huenda kuna miligramu kadhaa, kwenye kikaratasi cha jentamaisini cha maabara kuna mikrogramu 10.

Na duara linaweza kutokana na kitu kingine kabisa. Chumvi iliyobaki huzuia bakteria. Azidi ya sodiamu, ambayo maabara huiweka kwenye protini zisioze, ni sumu kwa bakteria, na ikisahaulika humo inatoa duara la kuvutia. Hata chakula cha uyoga kina sehemu yake: maganda ya korosho yana asidi ya anakadi, ambayo yenyewe huzuia bakteria wa Gram chanya. Uyoga ulioteshwa kwenye mchanganyiko wenye maganda hayo hauaminiki kama sampuli, ukiacha kwamba mafuta yake huwa yanazikwamisha nyuzi zisikue vizuri.

Vipo vipimo viwili vya bei nafuu vya kuondoa utata. Kwanza, kishimo kimoja kijazwe bafa iliyopitia dayalisisi ile ile bila uyoga. Kikitoa duara, tatizo ni bafa. Pili, sehemu ya kimiminika ichanganywe na proteinezi K, kimeng'enya kinachokata protini. Duara likitoweka, muuaji alikuwa protini. Likibaki, huenda ni molekuli ndogo, au ni peptidi ngumu ya aina ya kopsini, na hapo ndipo uzito wake lazima upimwe. Makala ya utafiti inayotaja protini bila kipimo cha pili ningeisoma kwa mashaka.

Kipimo kinachohesabika ni kile cha kutafuta kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria, maarufu kama MIC. Protini hupunguzwa nusu kwa nusu kwenye vikombe 96, kila kimoja kikiwa na bakteria laki tano kwa mililita. Jentamaisini huzuia E. coli ya kawaida ya maabara kwa robo mikrogramu hadi mikrogramu moja kwa mililita. Peptidi zilizosafishwa, kama kopsini, hucheza kwenye mikrogramu chache kwa bakteria wanaoziogopa. Vimiminika visivyosafishwa vya uyoga mara nyingi huhitaji miligramu nzima au zaidi, yaani mikrogramu elfu moja na kuendelea.

Peleka hesabu hiyo mwilini. Mtu mzima ana lita 3 hivi za majimaji ya damu. Kufikisha miligramu moja kwa mililita kungehitaji gramu 3 za protini ikiwa nzima ndani ya damu, kwa wakati mmoja. Kumbuka kilo ya mamama inatoa miligramu tu.

Na protini hiyo haitafika nzima. Protini nyingi hufumuka zikipata nyuzi 60 hadi 80, na mboga ya uyoga huchemka kupita hapo. Zinazopona zinakutana na tumbo lenye pH ya 1.5 hadi 3 na pepsini, kimeng'enya kinachokata protini, kisha mwenzake tripsini kwenye utumbo. Mwili unazichukua kama unavyochukua protini ya kunde: kwa vipande. Hilo ni jambo jema kwa lishe na ni mwisho wa dawa. Kopsini ni ya pekee, lakini kustahimili tumbo si sawa na kupenya ukuta wa utumbo kwenda kwenye kibofu.

Tukiwa kwenye lishe, pakiti ikisema "protini asilimia 35" uliza imehesabiwaje. Maabara hupima naitrojeni kisha huzidisha kwa 6.25, lakini uyoga una naitrojeni nyingi kwenye kitini ya ukuta wa seli, ambayo si protini. Namba inayofaa kwa uyoga ni 4.38, na ile asilimia 35 inashuka kuwa 24.5.

Dawa iliyofika dukani haikuwa protini

Uyoga umeshatoa antibayotiki inayouzwa, ila wengi hawajui kwamba wameshaishika. Pleuromutilini ilipatikana mwaka 1951 kwenye uyoga uliokuwa ukiitwa Pleurotus mutilus. Kutokana nayo ilitengenezwa tiamulini, ambayo wafugaji wa kuku huinunua kwenye maduka ya dawa za mifugo kwa ajili ya mafua sugu. (Usiichanganye na chakula chenye salinomaisini au monensini za kuzuia koksidiosisi, kuku wanakufa.) Kwa binadamu ilikuja retapamulini ya kupaka mwaka 2007, na lefamulini ya nimonia ikaidhinishwa Marekani mwaka 2019. Zote ni molekuli ndogo, si protini. Molekuli ndogo humezwa, hupenya, na hutengenezwa kwa bei inayoeleweka. Protini lazima ichomwe sindano au ipakwe, na mwili unaweza kuitambua kama mgeni na kuishambulia.

Zile protini zinazotoboa utando zina tatizo zaidi. Mamama ina ostreolisini, ambayo pamoja na mwenzake hutoboa chembe nyekundu za damu. Joto la jikoni huimaliza, ndiyo maana uyoga huu haufai kuliwa mbichi lakini ukiiva hauna neno. Kwa hiyo protini yoyote inayodaiwa kuua bakteria ipimwe pia kwenye chembe nyekundu. Kama inapasua zote mbili, hiyo ni sumu tu. Na kunyunyizia kidonda unga wa uyoga ni kukipelekea mbegu za bakteria wa udongoni, akiwemo wa pepopunda, kwa tumaini la protini iliyokwisha haribika juani.

Banda lenyewe linatoa ushahidi

Mkulima wa mamama anajua madoa ya manjano yanayogeuka kahawia na kuteleza juu ya kofia. Huyo ni Pseudomonas tolaasii, bakteria wa Gram hasi, anayekula uyoga ule ule unaosifiwa kuua bakteria. Anatoa sumu ya kutoboa seli za uyoga na kunyonya kilichomo. Protini za uyoga hazimzuii.

Kinachomzuia ni ukavu wa juu ya kofia. Banda linahitaji unyevu wa asilimia 80 hadi 90 hewani, lakini maji yasikae kama utando juu ya uyoga. Mtwara mjini na Lindi, ambako upepo wa bahari tayari umebeba unyevu, kumwagilia jioni kunamaanisha kofia zinalala zimelowa. Mwagilia asubuhi, elekeza maji sakafuni na kutani, fungua madirisha, na hakikisha kofia zimekauka ndani ya saa tatu. Uyoga wenye madoa utolewe banda zima likiwa halijamwagiliwa, kwa sababu matone ndiyo yanayombeba bakteria kutoka mfuko mmoja hadi mwingine.

Mfuko unaonuka uchachu na kulainika chini ni habari nyingine: Bacillus. Mbegu zake hustahimili maji yanayochemka, na mabua yaliyolowa kupita asilimia 70 humpa nafasi ya kuamka kabla nyuzi hazijafika. Finya konzi ya mabua kabla ya kufunga; yatoe matone mawili matatu, yasitiririke. Uyoga hupigana mpakani, pale nyuzi zinapokutana na bakteria wachache. Ukiukabidhi mfuko uliokwisha kujaa bakteria, hauna cha kufanya.

Kikundi kinachotaka uyoga wake uchunguzwe kwenye maabara za Dar es Salaam au Morogoro kisitume unga. Chukua uyoga uliochumwa siku hiyo hiyo, usioshwe, ufungwe kwenye karatasi na kisha mfuko, uwekwe kwenye boksi lenye barafu bila kuigusa barafu moja kwa moja, na usafiri na basi la usiku. Kama hauwezi kufika ndani ya siku moja, ukatwe vipande vyembamba na kukaushwa kivulini kwenye hewa isiyozidi nyuzi 40 mpaka uvunjike kama biskuti. Andika aina ya mbegu, mabua yaliyotumika, tarehe ya kuchuma, na kama dawa yoyote ilipuliziwa bandani. Na weka pembeni mfuko mmoja ambao nyuzi zimeshaufunika wote ila haujatoa uyoga: huo nao upelekwe, ukiwa mzima na umefungwa, kwa kuwa kopsini ilipatikana kwenye majimaji ya nyuzi.